Asemaye Nawa na Alete Maji

Maneno ya afya ya jamii yana tabia isiyopatikana katika matangazo mengine ya serikali: huingia nyumbani mwa mtu bila kubisha hodi. Amri ya kodi humfuata mtu dukani kwake, na amri ya barabara humngoja njiani. Lakini tangazo la usafi humfuata jikoni, msalani, kitandani kwa mgonjwa wake, na hata kaburini kwa marehemu wake. Humwambia ale nini, anawe vipi, amsalimu nani kwa mkono na nani kwa mbali, na maiti yake ioshwe na nani. Hapana amri imgusayo mwanadamu kwa karibu zaidi ya hiyo. Kwa hiyo ni haki tuulize swali ambalo wakati wa janga, kwa haraka ya kuokoa roho za watu, aghalabu husahauliwa: ni nini kimpacho mtu haki ya kumwambia mtu mzima mwenziwe, "Nawa mikono"? Na akisha kusema hivyo, je, yeye msemaji hubaki bila deni?

Wapo watakaoona kwamba swali hili ni la watu wenye nafasi. Ugonjwa unapoua, watasema, mtu hukimbilia maji, hakimbilii falsafa. Na mzazi amwonaye mtoto akiukaribia moto hamwombi radhi kabla ya kumvuta. Hoja hiyo ina nguvu yake. Lakini raia si mtoto, na serikali si mzazi wake. Raia ni mtu mwenye akili timamu, mwenye nyumba yake na hesabu zake za siku, naye ndiye mwenye nchi. Maoni yetu ni kwamba kila amri ya usafi, kabla haijawa wajibu juu ya mwenye kuipokea, huwa kwanza ni deni juu ya mwenye kuitoa. Mtangazaji wa usafi anadaiwa maji, anadaiwa ukweli, na anadaiwa sikio lake. Asipoyalipa madeni hayo, tangazo lake huwa kelele tu, na wakati mwingine huwa dhuluma.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta kanuni hiyo, kwa maana imo katika ada zetu wenyewe. Katika nyumba nyingi za mwambao na za bara, kabla chakula hakijaguswa, kijana wa nyumba hushika birika kwa mkono mmoja na beseni kwa mkono wa pili, kitambaa cha kufutia kikiwa begani, akaanza kwa mgeni au kwa mkubwa wa umri. Huinama, humimina maji polepole, nayo hupita juu ya vidole na kuangukia ndani ya beseni, wala hapana atumbukizaye mkono wake katika maji aliyonawia mwingine. Mwaka 2020, tulipofundishwa kunawa kwa "maji tiririka", wengi walidhani ni elimu mpya. Kumbe ndiyo kazi ya birika. Ni kweli kwamba katika nyumba nyingine, kwa uchache wa maji, bakuli moja lilizungushwa na wote wakatia mikono humo humo. Lakini hilo lilikuwa jambo la dhiki, si la kupendelewa.

Tuitazame ada hiyo kwa makini, maana ndani yake mna fundisho la uongozi. Mwenyeji hamwambii mgeni, "Nenda kanawe," kisha akageuka. Huleta maji, huleta chombo cha kupokelea maji machafu, huleta kitambaa, na husimama hapo hadi mgeni amalize. Tena ainamaye si yule anayenawa. Ainamaye ni yule anayenawisha. Usafi hapo umekuwa heshima, haukuwa shutuma. Na kwa sababu hiyo hapana mgeni anayekasirika kwa kuletewa birika, ijapokuwa maana yake ni kwamba mikono yake ina vumbi la safari. Lau kijana yule angesimama mlangoni na kupaza sauti, "Wachafu wote wakanawe!", uchafu ungekuwa ule ule na faida ya maji ile ile, bali mgeni angeondoka na njaa yake.

Sasa na tuitazame Tegeta, kwa kuwa kanuni hupimwa mahali watu wanapoishi. Tegeta iko kando ya Barabara ya Bagamoyo, katika Wilaya ya Kinondoni, karibu na kilima cha Wazo penye kiwanda cha saruji kilichoanza kazi katika miaka ya 1960. Zamani palikuwa nje ya mji; leo nyumba zimepanda hadi Wazo na Madale, na zimeungana na Boko na Bunju. Bomba kubwa litokalo katika mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, limefuata njia hiyo kwenda mjini tangu miaka ya 1970. Yaani maji ya Dar es Salaam yalikuwa yakipita Tegeta miaka mingi kabla nyumba nyingi za huko hazijapata koki. Katika miaka ya karibuni mabomba yameenea sana. Hata hivyo si kila mwinuko uliofikiwa, wala si kila siku maji hutoka. Mwezi wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua kwa ukame, jiji lilipewa maji kwa mgawo. Asiye na maji ya bomba hununua kwa dumu kutoka kwa mchukuzi wa mkokoteni, au hungoja boza, au huteka kisima ambacho, kwa ukaribu wa bahari, mara nyingi maji yake ni ya chumvi na sabuni haitoi povu.

Tarehe 16 Machi 2020 Wizara ya Afya ilimtangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyetokea Ubelgiji. Siku ya pili yake ikatolewa amri ya kufunga shule. Haukupita muda ila ndoo zenye koki zikasimama kwenye milango ya maduka, vituo vya daladala, misikiti, makanisa na ofisi. Lilikuwa jambo jema, na lilionyesha kwamba watu wetu si wagumu wa kusikia. Lakini tufanye hesabu ya nyumbani. Nyumba ina watu sita. Kila mmoja akinawa mara kumi kwa siku, na kila kunawa kukichukua nusu lita tu, nyumba hiyo itahitaji lita 30, yaani dumu moja na nusu, kwa ajili ya mikono peke yake. Bado kupika, kunywa, kuoga, kufua na choo. Kwa mwenye bomba, lita 30 ni kitu asichokitambua. Kwa mwenye kununua dumu, ni sehemu ya fedha ya chakula. Wote wawili wamesikia tangazo moja katika redio moja. Lakini mmoja ameambiwa afungue koki, na mwingine ameambiwa achague baina ya maji na unga. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye koki hamjui mwenye dumu.

Hapo ndipo ubaya wa amri isiyo na uwezo unapoonekana. Si kwamba haifuatwi tu. Laiti ingekuwa ni hivyo, hasara ingekuwa ndogo. Ubaya wake ni kwamba humgeuza maskini kuwa mkosaji. Aliyeambiwa anawe naye hakunawa, akiugua, ulimwengu humtazama kana kwamba amejiletea mwenyewe. Aliyeshindwa kumpelekea maji huosha mikono yake, husema, "Tuliwatangazia," na daftari lake linaonyesha mabango yaliyobandikwa na saa za redio zilizolipiwa. Kosa limehama kutoka kwa mwenye deni na kwenda kwa mwenye kudai.

Historia yetu inatupa sababu ya kuliogopa jambo hilo, kwa maana katika Afrika ya Mashariki lugha ya usafi wa miji haikuanza kama lugha ya huruma. Mwaka 1902, tauni ilipozuka Nairobi, wakuu wa kikoloni waliuteketeza kwa moto mtaa wa maduka ya Wahindi. Hapa Dar es Salaam, uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja, uliopangwa wakati wa Wajerumani na kutimizwa wakati wa Waingereza, uliwekwa kuwa mpaka baina ya Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya biashara; na hoja mojawapo iliyotolewa ilikuwa ni afya. Mji ukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na huduma zikagawanywa kwa mfuatano huo huo. Kisha yule aliyewekwa mbali na bomba akaambiwa kwamba maradhi yake yanatokana na desturi zake. Bango la usafi litungwalo leo bila kujali nani ana maji na nani hana, japo limetungwa na ndugu zetu na kwa lugha yetu, hubeba mwangwi wa sauti ile ya kale. Msikilizaji huitambua sauti hiyo upesi kuliko mtangazaji.

Baada ya Uhuru taifa lilipowataja maadui wake watatu, ujinga, maradhi na umaskini, lilifanya hekima kuwataja kwa pamoja, kwa kuwa hakuna awezaye kupambana na mmoja akawaacha wawili. Mwaka 1973 hekima hiyo ilitiwa katika vitendo kwa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na Wizara ya Afya na Radio Tanzania. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza; kisha, kwa majuma 12, watu wapatao milioni 2 wakakutana vikundi vikundi nchini kote. Kikundi kilisikiliza redio, kikasoma kitabu chake, kikajadili, halafu kikaamua chenyewe kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa. Jina lile lina nguvu kiasi kwamba Wizara imelirudia tena katika kampeni ya mwaka 2024.

Sisi tushughulikao na maneno tunaona jambo la kujifunza katika jina hilo. "Mtu ni Afya" si amri. Halimwambii mtu fanya hivi wala usifanye vile. Linamwambia yeye ni nini. Linaanza na mtu, na afya inakuja kama sifa ya utu wake. Kadhalika "Nyumba ni Choo", jina la kampeni ya mwishoni mwa miaka ya 2010 iliyosemewa na mghani Mrisho Mpoto, halikumkemea mwenye nyumba. Liligusa fahari yake, likamwambia kwamba nyumba isiyo na choo bado haijatimia kuwa nyumba. Neno likikaa hivyo katika akili ya mtu, hujitawala mwenyewe hata pasipo askari wala bwana afya.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba jina zuri ndilo lililofanya kazi. Kampeni ya 1973 ilimwomba mtu wa kijijini jambo lililokuwa karibu na uwezo wake: alikuwa na jembe, alikuwa na ardhi, alikuwa na jirani wa kusaidiana naye. Mtu wa Tegeta anaweza kuwa na nia ile ile na jembe lile lile, lakini kiwanja chake ni kidogo, pengine amepanga chumba tu, na shimo la choo likijaa hana mahali pa kuchimba lingine. Mvua za masika zinapofika, wapo wenye nyumba wanaotapisha vyoo vyao, uchafu ukachukuliwa na maji ya mvua hadi mlangoni kwa jirani. Kitendo hicho ni kiovu, wala hatukitetei. Lakini mpangaji wa kampeni mwenye busara, kabla ya kuandika bango la kuwakaripia, atauliza ni magari mangapi ya kunyonya maji taka yanayoweza kuingia katika vichochoro hivyo, na kwa bei gani.

Kipindupindu ndicho mwalimu mkali wa somo hili. Wimbi la saba la gonjwa hilo lilianzia Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, na tangu mlipuko mkubwa wa mwaka 1977 limekuwa mgeni arudiaye nchini mwetu. Mwezi wa Agosti 2015 lilizuka Dar es Salaam, na Kinondoni ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika mapema. Kuanzia hapo hadi mwanzoni mwa Januari 2018, Tanzania Bara na Zanzibar zilikuwa zimehesabu wagonjwa 33,421 na vifo 542. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru ziliachwa, siku hiyo ikafanywa ya kufanya usafi, na Rais mwenyewe akaonekana akizoa taka. Katika tendo hilo palikuwa na jambo la ada yetu: mkubwa ameinama. Lakini kipindupindu hakikai katika majani yafagiliwayo barabarani. Hukaa katika maji yaliyoingiliwa na kinyesi. Fagio lilikuwa mwanzo mwema, nalo lilidai lifuatwe na bomba, na mahali ambapo bomba lilichelewa ugonjwa haukuona aibu kurudi.

Tena katika mlipuko huo palitolewa marufuku ya kuuza vyakula na matunda yaliyokatwa mitaani. Kitaalamu marufuku hiyo ilikuwa na maana. Lakini mama lishe aliyefungiwa meko yake ni mtu mwenye watoto, na mchukuzi aliyekuwa akila kwake ni mtu mwenye njaa. Serikali ikimwondolea mtu riziki yake kwa faida ya wote, basi hao wote wanadaiwa. Njia ya haki ni kumpa mama lishe klorini, chombo chenye koki na mafunzo ya siku moja, kisha kumkagua. Na kumfungia yule tu ambaye, akiwa amepewa hayo, ameyapuuza. Hapo hata yeye mwenyewe atageuka kuwa mtangazaji, na wateja wake watamsikiliza kuliko kipaza sauti cha gari.

Deni la pili ni ukweli, na hili ni gumu zaidi kwa kuwa halilipwi kwa fedha. Wakati wa janga wakuu wa kila nchi hushikwa na vishawishi viwili: kutisha watu ili watii, au kuwaficha watu ili watulie. Vyote viwili huwadharau wasikilizaji. Katika nchi yetu, tarehe 29 Aprili 2020 zilitolewa takwimu za taifa za wagonjwa na vifo. Baada ya hapo, kwa zaidi ya mwaka mmoja, hapakuwa na hesabu ya taifa iliyotolewa kwa utaratibu. Waliotetea ukimya huo walisema kwamba hofu nayo huua. Hofu kweli huua. Lakini mtu aliyenyimwa hesabu ya kweli haachi kuhesabu. Huhesabu misiba ya mtaani kwake, husikiliza uvumi, na hofu yake, iliyokosa mipaka, hukua. Wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi kilio humfichua. Mwezi wa Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza nia ya kuunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa hadharani. Chanjo ilikuta watu wengi wakiwa na shaka, na sehemu ya shaka hiyo ilikuwa riba ya miezi iliyopita. Ndivyo deni la ukweli lilivyo: lisipolipwa kwa wakati wake, hulipwa na atakayekuja baadaye, tena kwa ziada.

Ukweli una upande mwingine: kukiri kwamba elimu hubadilika. Mwanzoni mwa 2020 mkazo ulimwenguni ulikuwa juu ya mikono na vitu vilivyoguswa. Kadiri miezi ilivyopita ilibainika kwamba virusi vya korona huenea zaidi kwa hewa, hasa penye msongamano na madirisha yaliyofungwa. Kunawa mikono hakukuwa kazi bure, kwa maana huzuia kuhara na maradhi mengine mengi; lakini abiria wa daladala itokayo Tegeta kwenda mjini alihitaji dirisha wazi na barakoa kuliko alivyohitaji ndoo ya kituoni. Mtangazaji mwaminifu husema, "Jana tulijua hivi, leo tumejua zaidi." Wapo waogopao kwamba kusema hivyo kutawavunjia heshima. Sisi tunaona kinyume chake: mkulima ambaye kila mwaka hubadili siku ya kupanda kwa kutazama mawingu hamdharau mtaalamu abadilishaye neno kwa kutazama ushahidi. Amdharauye ni yule abadilishaye neno kisha akakana kwamba amebadilisha.

Deni la tatu ni sikio. Hapa mfano mzito tunaupata kwa jirani zetu wa Kongo ya mashariki, ambao wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 ulikwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Madaktari walikuwapo, fedha zilikuwapo, hata chanjo ilikuwapo. Lakini mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na mwezi wa Aprili mwaka ule daktari wa Shirika la Afya Duniani akauawa huko Butembo. Watu wa huko walikuwa wameishi miaka mingi katika mauaji ya vita bila kuona magari mengi kiasi kile, wakauliza: mbona mnatujali kwa ugonjwa huu tu? Swali hilo halikuwa ujinga. Lilikuwa ni swali la maadili, tena la haki. Na matangazo mengi ya mwanzo yaliwafikia kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu, ilhali nyumbani wao husema Kinande na Kiswahili cha kwao. Sisi tukipendao Kiswahili sanifu na tukijikazacho kukikuza tusione haya kulikubali fundisho hili: lugha ya taifa hutuunganisha, lakini habari ya mauti na uhai inataka lugha ambayo mtu huombolezea.

Kusikiliza ndiko kutakakomwonyesha mpangaji kwamba desturi si adui wa siha. Ugonjwa ulipotukataza kupeana mikono, hatukuwa maskini wa salamu: shikamoo haihitaji kiganja, na mkono kifuani watosha kumheshimu mtu. Udhu umewazoeza mamilioni kuosha mikono, uso na miguu mara kadhaa kwa siku. Na palipokuwa na ugumu wa kweli, kama katika kuwaosha na kuwazika waliokufa, njia iliyofaa ilikuwa ni kuketi na masheikh, mapadri, wachungaji na wazee wa ukoo, kuwauliza ni lipi lisiloweza kuachwa na ni lipi liwezalo kupunguzwa, kabla ya kutoa amri. Mtu huvumilia kupunguziwa desturi na aliyemuuliza, hamvumilii aliyemwamrisha.

Sasa tuijibu hoja ya mwisho, nayo ndiyo nzito: janga halingoji. Bomba huchukua miaka, na kipindupindu huua kwa saa chache. Je, bwana afya anyamaze hadi bomba lifike Madale? La, hasha. Haraka ya janga hupunguza muda wa mazungumzo, haiondoi deni. Yapo malipo madogo yanayowezekana leo hii: boza la maji linalotumwa mtaani pamoja na gari la kipaza sauti, klorini ya kutibu maji ya kisima, mche wa sabuni kwa kila nyumba, kibuyu chirizi, ambacho ni chupa au dumu dogo lililotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyagia, kinachomwezesha mtu kunawa kwa maji machache bila kugusa chombo. Tunalodai ni kwamba mpango wa kampeni uanze na hesabu ya lita kabla ya hesabu ya mabango. Aitwe mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aitwe mjumbe, aitwe mama lishe na mchukuzi wa mkokoteni, waulizwe: huku kwenu dumu ni kiasi gani, maji hutoka siku zipi, vyoo gani vimejaa? Majibu yao ndiyo yatakayoamua maneno ya bango. Na neno ambalo halitekelezeki mahali fulani lisitangazwe mahali hapo kama amri. Litangazwe kama ahadi yenye tarehe.

Kwa upande mwingine haki haina mkono mmoja. Raia aliyekwisha kuletewa maji, akaambiwa ukweli, akasikilizwa, naye akakataa kunawa kabla ya kumwandalia mwenziwe chakula, huyo hana tena udhuru wa umaskini wala wa kutojua. Kijidudu hakiombi ruhusa kuvuka ua, na uchafu wa nyumba moja ni mauti ya nyumba ya pili. Kwa mtu kama huyo sheria ina haki ya kuwa kali, na sisi majirani tuna haki ya kumkemea. Lakini ukali huo una haki kwa sababu tu deni limelipwa kwanza. Adhabu itanguliayo maji ni ubabe. Ile ifuatayo maji ni ulinzi wa jamii.

Magonjwa ya mlipuko yatakuja tena, na kwa majina tusiyoyajua bado. Watakaokuja baada yetu watakuta mabango yetu katika makabati na sauti zetu katika maktaba za redio. Hawatatupima kwa ufasaha wa maneno, ijapokuwa ufasaha una thamani yake. Watauliza kama maneno yale yalifika yakiwa na maji nyuma yake. Wazee walisema mwosha naye huoshwa: aliye leo mwenye kipaza sauti atakuwa kesho mgonjwa alalaye, akitegemea mikono ya jirani wa Tegeta, wa Temeke au wa Bunju. Basi na atangaze leo kwa namna ambayo kesho angependa kutangaziwa: aje na birika mkononi, aseme lililo kweli, ainame, amimine.